Zinki Kwenye Risasi

Jumamosi moja ya Agosti 1996, soko la mitumba la Sabasaba mjini Morogoro lilifurika watu mpaka barabarani. Marobota mapya yalikuwa yamefunguliwa asubuhi ile. Kondo, muuzaji mwenye sauti ya kupasua mbao, alikuwa amesimama juu ya meza yake akipiga kelele, "Fumbua macho, chagua mwenyewe! Ulaya imehamia Morogoro!"

Filomena Mkude hakuwa anatafuta nguo. Alikuwa anapita tu, mfuko wa nyanya mkononi, alipoona chini ya rundo la makoti ya baridi kitu chenye miraba midogo midogo ya rangi. Ilikuwa karatasi nzito iliyobandikwa juu ya turubai. Akaishika pembe, akaivuta. Upande wa pili wa meza, mtu mwingine naye akaivuta.

"Samahani kaka, hiki nimekiona mimi."

"Umekiona, dada. Mimi nimekishika."

Aliyejibu alikuwa kijana mrefu, mwembamba, suruali yake ya jinzi ina madoa ya rangi kama gauni la sikukuu. Filomena alikuwa na miaka ishirini na saba, sketi ndefu ya bluu, blauzi nyeupe iliyonyooshwa ikanyooka, nywele amesuka twende kilioni. Hakuachia.

"Unajua hiki ni nini?" akauliza.

"Turubai. Tena la nguvu. Nikiligeuza nyuma nachora bango la saluni, linakaa miaka kumi."

"Bango la saluni!" Filomena alisema kama mtu aliyesikia msiba. "Hili ni jedwali la elementi. Kila kitu kilichoko duniani kimetengenezwa kwa vitu vilivyoandikwa humu. Wewe, mimi, huyu Kondo na makoti yake."

"Na ugali?"

"Na ugali."

Kijana akainama akachungulia kwenye miraba. "Mbona ugali siuoni?"

Filomena alitaka kukasirika, akacheka. Kondo akawainamia kutoka juu ya meza. "Jamani, mnanunua au mnachumbiana? Kama mnachumbiana sogeeni pembeni, mnaniziba wateja."

Kijana akaachia. "Chukua, Mwalimu."

"Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye kucha."

Walipotoka kwenye msongamano, Filomena alilikunjua jedwali juu ya ukuta mfupi, akalisoma mpaka mwisho, akashusha pumzi. Lilikuwa la Kijerumani, tena la zamani. "Linaishia mia na tatu," alisema. "Siku hizi tumefika mia na kumi na mbili."

"Nani kaziongeza?"

"Hiyo ya mwisho ni Wajerumani, mwaka huu huu. Mhadhiri wangu wa zamani pale Mlimani amenitumia nakala ya kivuli ya ukurasa mmoja kwa posta."

Kijana alilitazama jedwali, kisha akamtazama yeye. Alijitambulisha: Ernest Chiwanga, mtu wa Dodoma. Alikuja Morogoro akiwa na miaka kumi na tisa kuchora michoro ya kanga katika kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda kilipofungwa akaingia mtaani na brashi zake. Bahati yake, siku hizo kila mtu alikuwa anafungua duka, baa au saluni, na hakuna duka bila bango.

"Una ukuta hapo shuleni?" akauliza.

"Wa maabara. Mweupe, mtupu."

"Basi nitakuchorea jedwali jipya. Mpaka hiyo mia na kumi na mbili yako. Wewe nipe rangi tu, ufundi wangu."

Akamwandikia namba ya simu kwenye mfuko wa nyanya. Haikuwa yake. Ilikuwa ya saluni ya Agnes, jirani yake pale Mji Mpya. "Piga, mwambie Agnes aniite. Atanung'unika, lakini ataniita."

Shule ya wasichana aliyofundisha Filomena ilikuwa pembeni mwa mji, chini kabisa ya mlima, na jioni Uluguru ilipojifunika ukungu, baridi ilishuka mpaka madarasani. Septemba nzima Ernest alikuja saa kumi, wasichana wakishakwenda kulima bustani. Alipanda ngazi, Filomena akakaa chini kwenye stuli akimsomea: namba, herufi, jina. Siku walipofika safu ya chini kabisa, Ernest alishusha brashi.

"Hizi za mwisho, Mwalimu. Walizichimba wapi?"

"Hazichimbwi. Hakuna mahali zilipo. Lazima uziunge mwenyewe."

"Unaziungaje?"

"Hiyo ya mia na kumi na mbili, waliiunga kwa kupiga zinki kwenye risasi."

"Wakapiga risasi kwenye zinki?"

"Zinki kwenye risasi! Risasi madini, siyo ya bunduki."

"Aa. Risasi ya betri ya gari. Na zinki ndiyo wanayopaka mabati yasishike kutu. Mbona hivyo viko hapo kwa fundi bati?"

"Ndiyo hivyo hivyo. Katikati ya kila atomi kuna kiini. Kiini cha zinki kina protoni thelathini, cha risasi kina themanini na mbili. Jumlisha."

Ernest alifumba jicho moja. "Mia na kumi na mbili. Kumbe rahisi!"

"Si rahisi hata kidogo." Filomena alisimama, macho yamewaka. Alikuwa mtu mpole, lakini ukimgusa hapo alibadilika. "Viini vyote vina chaji chanya, na chanya kwa chanya hufukuzana. Ukirusha zinki polepole, risasi inaisukuma kando kabla hazijagusana. Ukiirusha kwa nguvu mno, vinaungana kwa kishindo, vinapata joto kupita kiasi, vinapasuka. Lazima upate mwendo wenyewe hasa, tena vikutane uso kwa uso."

"Uso kwa uso," Ernest akarudia, akimtazama.

"Angalia brashi yako, rangi inadondoka."

Ernest alishuka, akapangusa sakafu kwa kiatu, akapanda tena. "Na walirusha mara ngapi wakapata?"

"Huwezi kuhesabu. Zinki ilirushwa usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Karibu zote zilipita au zilivunjika. Wakapata atomi moja, labda mbili."

"Moja!"

"Na haikumaliza hata sehemu ya elfu ya sekunde. Ikaanza kutema vipande, ikawa elementi nyingine, nayo ikatema, ikawa nyingine. Kwa kufuata vile vipande ndipo walipojua ilikuwepo."

Ernest aliegemea ngazi. "Sasa, Mwalimu, kitu hicho kina faida gani?"

Filomena alifikiri. Wanafunzi walimwuliza swali hilo kila mwaka, na kila mwaka aliwapa jibu la kitabuni. Safari hii alisema ukweli. "Sijui. Ila kuna wanaoamini kwamba huko mbele, kwa viini vizito zaidi, kuna vitakavyodumu. Dakika, siku, labda miaka. Hakuna aliyeviona. Wanavitafuta tu. Mimi nikifikiria hivyo usingizi unakata."

"Na hiyo mia na kumi na mbili inaitwaje?"

"Haina jina bado. Kuipa elementi jina ni kazi ya baraza zima la dunia. Hata hizi za kuanzia mia na nne, wataalamu bado wanagombania majina."

"Watu wazima na elimu zao?"

"Kama wajomba kwenye jina la mtoto."

Ernest alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Baada ya hapo simu zilianza. Shule ilikuwa na simu moja, mezani kwa Mkuu wa Shule, Mama Rahel, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote.

"Haloo. Shikamoo Mama. Naomba kuongea na Mwalimu Filomena."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Fundi wa ukuta, Mama."

"Fundi, leo ukuta una nini? Juzi ulikuwa na ufa, jana una unyevu."

"Leo... leo nataka kuuliza rangi."

"Rangi gani?"

Mama Rahel akafunika simu kwa kiganja, akaita dirishani, "Mwalimu Mkude! Njoo, ukuta wako unakuulizia!"

Filomena alipokea simu huku akigeukia kabati asionekane uso. "Ernest, una wazimu. Niko ofisini."

"Nilitaka kusikia sauti tu, laazizi. Umeshakula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Maharage. Kata simu."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata mpaka kadi ya simu ya Ernest ilipokwisha.

Jumamosi walikula chipsi mayai Mji Mpya, Agnes akiwatazama kutoka mlangoni mwa saluni kana kwamba yeye ndiye aliyewaumba. Jumapili baada ya misa walipanda kidogo mlimani, wakakaa kando ya mto, Filomena ameloweka miguu kwenye maji ya baridi, viatu vyake vyeupe vimepangwa juu ya jiwe. Hapo ndipo Ernest alipomwambia kwamba anampenda. Filomena alisema, "Najua," halafu, baada ya kuona uso wake, akaongeza haraka, "Na mimi pia, jamani, usinitazame hivyo."

Mwishoni mwa Oktoba habari zikaja: wakaguzi wangefika Jumatatu. Shule ilikuwa imeomba kidato cha tano cha sayansi, na kila kitu kilitegemea maabara. Alhamisi jioni Ernest alimaliza ukuta peke yake, Filomena akiwa kwenye kikao. Alirudi nyuma akautazama, akaona ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kisha akapanda ngazi tena. Alikuwa ameshaona kwamba majina mengi ya elementi yanamalizikia namna moja. Ndani ya kisanduku cha mwisho akaandika herufi mbili, *Fi*, na chini yake kwa herufi nzuri za duara: *Filomeniamu*. Alikusudia Jumamosi amlete Filomena amwonyeshe, wakiwa wawili tu, na papo hapo amwombe wafunge ndoa.

Mkaguzi alikuja Ijumaa.

Aliitwa Bwana Athanas, mtu wa suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni. Aliingia katikati ya kipindi cha kidato cha tatu, Mama Rahel nyuma yake anahema. Alisifu ukuta. Akamwita msichana wa mbele, Rosa, asome elementi iliyogunduliwa karibuni. Rosa akainuka, akasoma, akasita, akasoma tena kwa sauti:

"Fi-lo-me-ni-amu."

Darasa zima lililipuka. Wasichana arobaini walicheka mpaka wengine wakalaza vichwa mezani. Filomena alisikia masikio yakimwungua.

"Mwalimu," alisema Bwana Athanas, bila kucheka, "elementi hii inaitwa hivyo kweli?"

"Hapana, Mzee." "Si kweli. Haina jina. Kilichoandikwa pale ni kosa, na maabara ni yangu, kwa hiyo ni kosa langu. Wasichana, kaeni vizuri. Nitawaeleza ilivyopatikana." Akageukia ubao, akachora kiini cha zinki na kiini cha risasi, akafundisha dakika ishirini. Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake, akaaga.

Jioni Filomena alikwenda Mji Mpya kwa miguu. Ernest alimwona anakuja, akatabasamu, akaweka brashi chini.

"Umenifanya mwongo mbele ya wanafunzi wangu!"

"Nini? Umeona? Lakini nilitaka Jumamosi..."

"Mkaguzi amekuja leo! Mwaka mzima nawafundisha wasichana wale: usiandike usichokipima. Halafu ukutani kwangu kumeandikwa upuuzi!"

"Filomena, ulikuwa mchezo tu wa mapenzi."

"Mtu asiyejua anachoandika asishike brashi."

Alisema hivyo akaondoka. Agnes, mkono umekwama kwenye nywele za mteja, aliona uso wa Ernest ukibadilika kama ukuta unaonyeshewa mvua. Ernest aliishia darasa la saba. Hakuwahi kumficha Filomena, na Filomena hakuwahi kumkumbusha. Sasa aliona amekumbushwa.

Jumatatu asubuhi Filomena aliingia maabara na msasa ili akwangue jina lile. Rosa alikuwa ametangulia, anafuta meza kwa kitambaa kibichi.

"Madam, subiri, nijaribu kwa maji." Akapanda stuli, akapangusa mara moja tu. *Fi* na *Filomeniamu* zikatoka zote, zikaacha alama ya rangi ya maziwa kwenye kitambaa.

Ilikuwa chaki. Chini yake, kwa rangi ya mafuta, mistari imenyooka, kulikuwa na kisanduku safi chenye namba mia na kumi na mbili peke yake. Ukweli Ernest aliuchora wa kudumu. Mchezo wake aliuandika wa kufutika.

Filomena aliomba ruhusa ya saa moja. Duka la Ernest, kando ya saluni, lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

"Kaenda Kisaki," alisema Agnes. "Kambi mpya ya watalii, kuna kazi ya mabango na kuta. Mwezi, labda zaidi. Na huko simu hakuna, mama, kuna tembo tu."

"Alisema nini?"

"Ernest? Hakusema kitu. Ndiyo nikajua kaumia."

Filomena aliandika barua, akampa dereva wa lori la Kisaki. Hakupata jibu. Akaandika nyingine. Alipiga simu saluni kila Jumamosi, na kila Jumamosi Agnes alisema, "Bado, dia." Alijifunza kwamba kusubiri kuna uzito wake, tena unaongezeka. Shule ilipofungwa mwanzoni mwa Desemba alikusanya nguo zake, akapanda kwenda kwao Mgeta, juu milimani, kusaidia kuvuna koliflawa.

Ernest alirudi siku nne baadaye, mweusi kwa jua, kofia mpya kichwani. Barua za Filomena hakuziona. Dereva alikuwa ameharibikiwa gari Matombo na mizigo ikabaki huko. Agnes hakumpa hata nafasi ya kuketi. Alimweleza yote: barua, simu, chaki kwenye kitambaa. Ernest alikwenda mbio kwenye kibanda cha simu.

"Haloo, shikamoo Mama. Mimi ni..."

"Marahaba, Fundi," Mama Rahel alisema. "Ukuta hauna tatizo. Ripoti imekuja, tumepewa kidato cha tano. Mkaguzi ameandika kwamba hajawahi kuona mwalimu anayekiri kosa mbele ya darasa na kuligeuza somo. Sasa mwenye ukuta yuko kwao Mgeta, na amekonda. Malori ya mboga yanapanda asubuhi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Lori lilimfikisha mpaka njia ilipoishia. Kuanzia hapo ni vijia vya miguu, mashamba yamekaa kwenye mteremko kama yameegemezwa, kabichi na njegere na karoti mpaka mawinguni. Alimkuta Filomena shambani, kanga kiunoni, miguu ina tope, kisu mkononi. Filomena alisimama wima. Pembeni yake mzee mfupi mwenye koti la mvua aliinua kichwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Ernest Chiwanga. Natoka Dodoma, nakaa Morogoro mjini."

"Mimi Gabrieli, mjomba wa huyu." Kwa Waluguru neno hilo ni zito; msichana huombwa kwa mjomba wake. Mzee alimpima kijana kutoka kofia mpaka viatu. "Mtu wa Dodoma. Kwenu ni tambarare. Haya, lori linasubiri, kuna vikapu sita. Chukua kimoja."

Ernest akajitwisha kikapu cha koliflawa. Njia ilikuwa nyembamba, mvua imenyesha usiku. Filomena alimfuata nyuma, na yeye ana kikapu chake.

"Nilikuandikia barua," alisema kwa sauti ya chini. "Agnes kakwambia?"

"Kaniambia. Hazikunifikia."

"Nilisema neno baya siku ile."

"Lilikuwa la kweli. Sikusoma."

Filomena alisimama katikati ya njia. "Kusoma? Unadhani nilisema kuhusu kusoma? Ernest, nilikuwa na hasira ya lile jina! Nani mwingine mjini aliyewahi kukaa juu ya ngazi akaniuliza walirusha mara ngapi wakapata atomi moja? Walimu wenzangu hawajaniuliza."

Ernest aligeuka amtazame. Hapo ndipo alipokosea, maana Mgeta hakuna anayegeuka kwenye mteremko akiwa na kikapu. Mguu ulimponyoka, akaketi kwenye tope kwa kishindo, koliflawa zikaruka, zikabingirika bondeni moja baada ya nyingine. Wanawake waliokuwa wanapanda na vikapu vitupu walipiga kelele kwa kicheko. Mama yake Filomena, aliyekuwa mbele, alijishika mbavu.

Filomena alitua kikapu chake. Akashuka hatua mbili, mbele ya mama, mjomba na majirani wote, akampa Ernest mkono. Ernest akaushika, akainuka, tope mpaka kiunoni. Filomena hakuuachia.

Kicheko kikapungua polepole. Mjomba Gabrieli alikuwa amesimama juu yao.

"Filomena. Umemshika mtu mkono mbele ya ukoo. Unajua maana yake?"

"Najua, Mjomba."

"Na wewe, kijana. Unajua?"

"Nilikuja kuomba, Mjomba," alisema Ernest. "Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yote yamenitoka. Ila asiuachie."

Mzee aliangalia bondeni kwenye koliflawa zake, akaguna. Kisha akamgeukia dada yake. "Wewe unasemaje?"

Mama yake Filomena alitupa mikono juu. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, na wanawake wa chini wakakipokea.

Barabarani dereva alipiga honi. Watu wakainama kuokota koliflawa zilizokwama kwenye majani, wakazifuta tope, wakazirudisha kikapuni. Ernest akajitwisha tena. Filomena akapita mbele yake safari hii, akishuka taratibu, na kila penye utelezi alisimama akamwonyesha kwa mguu pa kukanyaga.